Mkristu wa Chuo Kikuu na Uchaguzi wa Inchi



Kati ya maulizo ambayo vijana wa chuo kikuu wanatuletea, moja linarudi kila mara uchaguzi unapokaribia: «Padri, kupiga kura kunafaa nini?» Wanaouliza si wavivu, wala si wapagani. Wengi wao wanaimba katika kwaya, wanafundisha watoto katekisimu, wanahuzuria Misa kila Siku ya Mungu. Kadi ya uchaguzi wanayo, tena waliisimamia mstari tangu alfajiri. Lakini waliitafuta kwa sababu nyingine. Katika inchi yetu watu kwa miaka mingi hawakuwa na kitambulisho kingine cha leta. Kadi ile ndiyo iliyoonyeshwa kwa polisi njiani, katika banki, na kwa wauza laini za simu. Kisha siku ya kura yenyewe ikifika, kadi inabaki mfukoni na mwenyewe anabaki nyumbani.

Jambo hili si dogo. Katika uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, majina yaliyoandikwa yalipita milioni 40, lakini waliopiga kura walikuwa karibu milioni 18 tu. Si wote waliokosa kwa kupenda. Masisi na Rutshuru katika Kivu ya Kaskazini, na Kwamouth katika Mai-Ndombe, vita viliwazuia watu. Pahali pengine biro zilichelewa sana kufunguliwa. Lakini walikuwako pia wenye kadi, wenye njia, wenye biro karibu ya nyumba, nao wakakaa.

Basi twataka kueleza mambo matatu: Eklezya yafundisha nini, historia ya inchi yetu yaonyesha nini, na namna gani sisi watunza roho tutamsaidia mwanafunzi bila kumchagulia mtu.

I. MAFUNDISHO YA EKLEZYA

Wengine wanafikiri kwamba uchaguzi ni jambo la leta peke yake, nalo halihusu zamiri. Sivyo. Papa Yoane wa 23, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba kushiriki katika mambo ya inchi ni haki inayotoka katika heshima ya mtu mwenyewe. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, katika Gaudium et Spes namba 75, uliwakumbusha raia wote kwamba wana haki na wajibu pamoja wa kutumia kura yao kwa uhuru, kwa ajili ya mafaa ya wote. Nayo Katekisimu ya Eklezya Katoliki, katika namba 2240, inapoeleza amri ya nne, inaweka kura pamoja na kulipa kodi na kulinda inchi.

Tuangalie vizuri: ni amri ya nne. Amri inayotufundisha kuwaheshimu baba na mama ndiyo inayotufundisha pia kuitunza inchi. Mtoto asiyewasaidia wazazi wake kwa sababu nyumba yao inavuja hatasifiwa na mtu. Vilevile raia anayeiacha inchi yake kwa sababu inavuja.

Je, kukosa kupiga kura ni zambi? Papa Pius wa 12, mwezi wa 3 mwaka 1948, aliwaambia mapadri wa parokia za Roma kwamba katika hatari ya siku zile mtu anayekaa nyumbani kwa uvivu au kwa woga anatenda kosa kubwa. Alisema hivyo kwa ajili ya Italia na kwa saa ile. Nasi tusiwatishe watu kwa kupima zambi yao kutoka mbali. Mgonjwa hana kosa. Anayekimbia bunduki hana kosa. Ambaye jina lake halikuonekana katika orodha hana kosa. Lakini anayeweza, naye hataki tu, ana jambo la kujibu mbele ya Mungu, kwa kuwa aliwaacha wenzake kubeba peke yao mzigo ulio wa wote.

II. MFANO WA MITI

Maandiko Matakatifu yana mfano unaowafaa sana wanafunzi. Unapatikana katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9. Miti ilitaka kujiwekea mfalme. Ikauendea mzeituni, nao ukakataa kuacha mafuta yake. Ikauendea mtini, nao ukakataa kuacha utamu wake. Ikauendea mzabibu, nao ukakataa kuacha divai yake. Mwishoni ikakiendea kichaka cha miiba. Hicho hakikukataa. Kilikubali mara moja, tena kwa vitisho vya moto.

Miti ile mizuri haikuwa na ubaya. Kila mmoja ulikuwa na kazi yake, na kazi njema. Ndivyo wanavyosema wanafunzi wetu: mmoja ana mtihani, mwingine anaandika kitabu cha kumaliza masomo, mwingine anatafuta visa. Lakini wao wakikataa, kiti hakibaki kitupu. Miiba haina mtihani. Miiba ina nafasi kila siku.

Tena tukumbuke Matendo ya Mitume, sura ya 6. Manunguniko yalipotokea katika Eklezya changa juu ya chakula cha wajane, mitume hawakuteua watu saba kwa siri. Waliwaita waamini wote, wakawaambia watafute kati yao watu wenye sifa njema. Kisha wao wakawawekea mikono. Kuchagua watu wema wa kugawa chakula cha wajane ni kazi iliyopewa jamii nzima. Na bajeti ya inchi ni nini, kama si chakula cha wajane, na mishahara ya walimu, na dawa za watoto?

III. HISTORIA YETU INATUFUNZA NINI

Kura katika Kongo si jambo la jana. Mwezi wa 12 mwaka 1957, wakati wa Wabeleji, watu wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, maana yake Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo, waliitwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa komine zao. Katika Léopoldville, Joseph Kasavubu akawa burugumestri wa komine ya Dendale. Waseminari wapende kujua kwamba yeye alisoma filozofia katika seminari kubwa ya Kabwe kabla ya kuiacha njia ya upadri. Mwezi wa 5 mwaka 1960 inchi nzima ilichagua wabunge 137, na tarehe 30 mwezi wa 6 uhuru ukafika. Lakini tuseme ukweli: walioitwa ni wanaume tu. Mama zetu hawakuhesabiwa.

Na wenye elimu walikuwa wapi? Siku ya uhuru, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Miezi mitatu haijapita, neno kubwa likatokea ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua. Mwezi wa 9 mwaka 1960 koloneli Mobutu aliwaweka kando wakubwa wa inchi, bunge likafungwa, na serikali ikawekwa mikononi mwa wakomisari wakuu. Hao walikuwa wenye diploma, na wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiongozwa na Justin Bomboko. Walitawala mpaka mwezi wa 2 mwaka 1961. Hatusemi kwamba wote walikuwa na nia mbaya. Pengine wengi walizani wanaokoa inchi. Lakini hakuna aliyewachagua. Mama muuza mihogo wa Kisangani hakuulizwa, mkulima wa Kwilu hakuulizwa. Wale 137 waliochaguliwa mwezi wa 5 waliambiwa warudi kwao, na mahali pao wakakaa vijana waliojua vitabu.

Kutoka hapo twapata fundisho la kwanza: elimu haichukui pahali pa kura. Diploma inampa mtu uwezo wa kutumikia. Haimpi haki ya kutawala.

Fundisho la pili lilikuja kwa uchungu. Tarehe 4 mwezi wa 6 mwaka 1969, wanafunzi wa Lovanium waliteremka katika barabara za Kinshasa kudai haki zao, wakapigwa risasi, wengi wakafa. Mwaka uliofuata, 1970, kukafanywa uchaguzi wa rais mwenye kugombea peke yake: karatasi ya kijani ni ndiyo, karatasi nyekundu ni hapana. Katika hesabu iliyotangazwa, za hapana katika inchi nzima hazikufika 200. Kura ilikuwako, lakini ilikuwa kama ngoma isiyo na ngozi. Watu waliozaliwa siku zile walikuwa na miaka zaidi ya 30 walipoona mara ya kwanza uchaguzi wa kweli wenye wagombea wengi.

Uchaguzi huo ulifika tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 2006, kisha watu kukubali katiba katika kura ya mwezi wa 12 mwaka 2005. Waliojiandikisha walipita milioni 25. Msimamizi wa tume ya uchaguzi alikuwa padri, Apollinaire Malu Malu, wa jimbo la Butembo-Beni, ambaye mbele alikuwa mkubwa wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Katiba ile, iliyotangazwa tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, yasema katika namba 5 kwamba mamlaka ya inchi ni ya watu, na kwamba kila Mkongomani, mwanamume na mwanamke, mwenye miaka 18, ni mchaguzi. Basi mwanafunzi wa kike anayeiweka kadi yake mfukoni siku ya kura anaacha kitu ambacho nyanya yake alinyimwa.

IV. MANENO YA WANAFUNZI, NA MAJIBU

1. «Kura moja haina nguvu.» Ni kweli kwamba ni moja. Lakini rais ana moja, askofu ana moja, tajiri ana moja. Hakuna pahali pengine katika inchi yetu ambapo mtoto wa maskini na mtoto wa mkubwa wanapimwa kwa mizani ile ile. Tena si kila uchaguzi ni wa rais. Mwaka 2023 wajumbe wa komine walichaguliwa pia katika miji fulani, na huko tofauti ya watu wachache inaweza kumpa mtu kiti au kumnyima. Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

2. «Kura zetu zinaibwa.» Hilo ndilo neno zito kuliko yote, nasi tusilipite mbio. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, maaskofu wetu wenyewe, katika CENCO, walisema mbele ya wote kwamba matokeo ya rais yaliyotangazwa hayakupatana na hesabu zilizokusanywa na waangalizi wao. Kijana akitukumbusha hayo, tusimwambie kwamba anaota.

Lakini tumuulize: maaskofu walijuaje? Walijua kwa sababu watu walikuwa wamepiga kura, na kwa sababu waangalizi karibu 40 000 waliotumwa na Eklezya, wengi wao walei wa parokia zetu, walikuwa wamekaa katika biro na kuandika walichokiona. Kama watu wangebaki nyumbani, mwizi asingehitaji hata kuiba. Kura iliyopigwa na kuangaliwa, hata ikiibwa, inabaki shahidi juu ya mwizi. Kura isiyopigwa haishuhudii kitu.

Tukumbuke pia watu wa Beni. Kura ya Beni, Butembo na Yumbi ilikuwa imepelekwa mpaka mwezi wa 3 mwaka 2019, wakati rais angekuwa amekwisha kuingia kazini. Kwa Beni na Butembo, sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na hatari ya vita. Siku ile ya tarehe 30 watu wa Beni walijipanga mstari wenyewe, wakanawa mikono kwa sababu ya ugonjwa, wakatia karatasi zao katika sanduku. Tume haikuzihesabu karatasi zile, nao walijua hivyo mbele. Walitaka kuonyesha kwamba wao pia ni watu wa Kongo. Kijana anayeishi karibu ya biro iliyo wazi na asiyeingia, awafikirie watu hawa.

3. «Siasa ni uchafu, mkristu akae mbali.» Uchafu uko. Lakini nyumba chafu inaomba fagio, haiombi mwenye nyumba akimbie. Padri ndiye anayepaswa kukaa mbali na vyama, kama tutakavyoona chini. Mlei yeye aliitwa na Mungu kwa ubatizo wake kuutakasa ulimwengu kutoka ndani: katika soko, katika shule, katika ofisi, na katika biro ya kura.

4. «Nitamchagua wa kwetu, tena alinisaidia.» Kumpenda mtu wa kabila lako si zambi. Zambi ni kumpa inchi mtu unayemjua kuwa mbaya, kwa sababu tu mnasema luga moja. Na msaada wa siku za kampeni, tisheti, chumvi, franka za basi, tuupime vizuri. Mara nyingi ni mali ya watu inayorudi kwao kidogo kidogo, wapate kusema asante. Heri kuikataa zawadi ile. Lakini aliyekwisha kuipokea asizani kwamba amefungwa: ahadi ya kutenda ubaya haifungi zamiri ya mtu.

V. MWANAFUNZI AFANYE NINI

Mwanafunzi ana kura moja tu kama wote, lakini ana kazi zaidi ya moja. Masomo yake yalilipwa kwa mbuzi za baba, kwa mihogo ya mama, na mara nyingi kwa sadaka ya parokia. Kwa hiyo ana deni. Tumwonyeshe namna ya kulilipa.

Kwanza, aangalie pahali anapojiandikisha. Mtu anapiga kura pale jina lake lilipoandikwa. Wanafunzi wengi wanajiandikisha kijijini wakati wa likizo, kisha siku ya kura wako mjini, mwendo wa siku mbili. Siku ya kuandikwa, ajiulize: siku ya kura nitakuwa wapi? Kisha orodha ikibandikwa, aende kutafuta jina lake mapema.

Pili, ajifunze habari za wagombea kama anavyojifunza kwa mtihani. Mtu huyu alifanya nini kabla ya leo? Mali yake ilitoka wapi? Anasema maneno gani juu ya makabila mengine? Aliyekwisha kuwa mbunge, alirudi mara ngapi kwa watu waliomtuma?

Tatu, awasaidie wasiojua kusoma. Mwaka 2018 mashine za kura ziliingia mara ya kwanza, na wazee wengi waliziogopa. Mwanafunzi anaweza kuwaeleza wazee wa mtaa namna ya kutafuta namba na picha. Lakini ajihazari: kumfundisha mzee njia ni sadaka; kumwongoza kidole ni wizi.

Ine, asitoke mbio. Sheria inaruhusu mashahidi wa vyama na waangalizi kukaa ndani ya biro wakati wa kuhesabu, na inaamuru matokeo ya kila biro yabandikwe mbele ya mlango. Kazi ile ni ya usiku, yenye njaa na usingizi, nayo inahitaji mtu ajuaye kusoma, kuhesabu, na kuandika bila kudanganya. Nani ataifanya, kama si mwanafunzi?

Tano, siku ya matokeo azuie mikono ya wenzake. Aliyeshindwa aende mbele ya waamuzi na karatasi zake. Nyumba ya jirani iliyochomwa haijarudisha kura hata moja.

VI. KAZI YA PADRI NA YA MKATEKISTA

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Sheria ya Eklezya inamkataza padri kushika kazi za leta zenye mamlaka ya kutawala, kanuni 285, na kuwa mtendaji katika vyama vya siasa, kanuni 287. Malu Malu alisimamia kura, hakuzigombea. Tena kazi kama ile haichukuliwi bila ruhusa ya askofu. Altare si jukwaa. Padri anayetaja mgombea wake katika mahubiri anawafukuza Misani wale wa upande mwingine, nao ni watoto wake pia. Na mkatekista ajue kwamba mbele ya watu yeye ni sauti ya parokia: akivaa tisheti ya chama Jumamosi, Siku ya Mungu watu wataiona bado mwilini mwake.

Lakini kunyamaza kabisa si busara, ni woga. Tunaweza kufanya haya bila kuvunja sheria: kueleza katiba kwa luga ya watu, kuwakusanya wanafunzi kwa mafundisho pamoja na Tume ya Haki na Amani, kutafuta vijana waaminifu wa kuwa waangalizi, kupanga saa za Misa ili mtu asichague kati ya Misa na mstari wa kura, na kwenda kupiga kura sisi wenyewe, kwa maana padri pia ni raia.

Wanafunzi wanatupima hapo. Wakiona tunasema juu ya kura wiki moja tu kabla ya siku yenyewe, watazani kwamba nasi tumetumwa na mtu. Muhula ulioanza mwezi wa kwanza mwaka 2024 ni wa miaka 5 kwa katiba ile ya 2006. Mafundisho haya yaanze mapema, polepole, katika vikundi vya vijana, katika jumuiya ndogo, katika seminari zetu, hata wakati ambapo hakuna mabango barabarani. Kijana aliyefundishwa hivyo atakuja bado na ulizo lake, «Padri, kupiga kura kunafaa nini?», nasi tutakuwa na kitu cha kumjibu.

Roho Mtakatifu awape wanafunzi wetu akili ya kupambanua na moyo usionunuliwa, nasi atupe uvumilivu wa kuwafundisha.